Siku za Kazi na Saa za Kazi katika Nchi Yetu

Vijana wa Kinkondja warudipo nyumbani kutoka Kolwezi au Fungurume huwa na habari nyingi, na siku hizi habari iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya zamu ya saa kumi na mbili. Mmoja huisifu: anasema afadhali achoke siku nne, kisha apate siku nzima zilizo zake mwenyewe. Mwingine huilaani: anasema siku ya kwanza ya mapumziko hulala tu kama gogo, siku ya pili hufua nguo, na ya tatu haijaisha ila gari la kampuni limekwisha kupiga honi. Wakubwa wa kazi nao wana swali lao. Wanauliza: mtu akifanya saa nyingi kwa siku chache, je, atafika kazini kwa uaminifu zaidi, au atakosa zaidi?

Wengi hudhani swali hili limezaliwa juzi. Sivyo. Katika nchi hizi zetu limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja, tena limejibiwa mara nyingi, lakini majibu yake yaliandikwa katika daftari za wanyapara na ripoti za serikali, mahali ambapo mfanyakazi mwenyewe hakuyasoma. Yafaa basi tuyatazame, maana jambo hili lagusa nyumba zetu na Dominika yetu, si mifuko ya wenye migodi peke yao.

Wasomaji wa Maandiko Matakatifu wanakumbuka sura ya tano ya kitabu cha Kutoka. Musa na Haruni walimwendea Farao wakamwomba jambo moja: watu wapewe safari ya siku tatu jangwani ili wamtolee Mungu sadaka. Angalieni vema walichoomba. Hawakuomba matofali yapunguzwe kila siku, wala hawakuomba kuanza kazi jua likiwa juu. Waliomba siku nzima, siku zinazofuatana, zitoshazo kwenda mahali na kurudi. Na Farao akawajibuje? Alisema ni wavivu. Akaamuru wajitafutie majani wao wenyewe, na hesabu ya matofali ibaki ile ile. Maneno hayo mawili, la mfanyakazi aombaye siku nzima na la bwana amwitaye mvivu, tutakutana nayo tena njiani.

Huku kwetu, kando ya Lualaba na ziwa Kisale, kazi haikuletwa na Wazungu. Katika miaka ya 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, wakaona vyungu vizuri sana, vyuma, na mapambo ya shaba ya watu waliokaa kando ya maji haya zaidi ya miaka elfu iliyopita. Hao hawakuwa watu wa kukaa bure. Lakini kazi ya mvuvi ina mwendo wake. Samaki wanapokuja, mtu hukesha, hula ndani ya mtumbwi, hafiki nyumbani. Maji yakibadilika, hukaa siku kadhaa akikausha samaki, akishona nyavu, akimsaidia mkewe shambani, akienda matangani. Kwa mvuvi siku moja hailingani na nyingine. Ni jambo hili ambalo mwenye daftari hakulielewa kamwe: aliona mtu asiyekuja kila siku, akadhani ameona mtu asiyependa kazi.

Sheria ya kwanza ya kuhesabu saa za kazi ya watu wetu ilitoka wakati wa Mfalme Leopold wa Pili. Amri ya Novemba 1903 ilisema mtu alipe kodi yake kwa kazi ya saa 40 kila mwezi, si zaidi. Mtu aisomapo leo aweza kudhani ilikuwa sheria ya huruma: saa 40 ni kama siku tano tu! Lakini Tume iliyotumwa kuchunguza mambo ya Kongo katika miaka ya 1904 na 1905 ilikuta mengine kabisa. Katika nchi za mpira mtu alitembea siku moja, siku mbili, na pengine zaidi, mpaka aione mizabibu ya mpira msituni. Alikaa huko peke yake, mbali na mke na watoto, akila vibaya na kuogopa chui. Kisha akaubeba mpira kituoni. Halafu majuma mawili hayajapita, akarudi tena. Saa 40 za karatasi zilikuwa sehemu kubwa ya mwezi wake. Sheria ilihesabu saa za kugema, haikuhesabu njia.

Naomba msomaji alishike jambo hili la njia, kwa kuwa ndilo ufunguo wa mengine yote. Saa ya kazi humgharimu mtu mwili wake. Lakini siku ya kazi humgharimu vitu vingine: mwendo wa kwenda na kurudi, chakula cha njiani, mtoto mgonjwa aliyeachwa, jembe lililolala. Mtu afanyaye saa nne na mtu afanyaye saa kumi wote wawili wameipoteza siku. Ndiyo maana tangu zamani wafanyakazi, walipopewa nafasi ya kuchagua, walijaribu kuifungasha kazi yao katika siku chache, wapate siku nzima za kwao.

Ushahidi wake upo tangu pwani. Huko Unguja na Pemba, katika mashamba ya karafuu ya karne ya kumi na tisa, hata watumwa walikuwa na desturi ya kufanya kazi ya bwana siku tano, na Alhamisi na Ijumaa wakalima vikonde vyao. Haikuwa hisani kubwa. Bwana alijiondolea gharama ya kuwalisha. Lakini ikawa haki isiyoguswa, na mwenye shamba aliyejaribu kuzinyang'anya siku mbili hizo alijua kwamba asubuhi moja angekuta mabanda matupu. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, serikali ililalamika miaka mingi kwamba watu hawaji kupalilia. Kumbe wakati wa kuchuma, walipolipwa kwa pishi, mashamba yalijaa watu. Ni watu wale wale. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Kenya na Tanganyika ziliendelea mbali zaidi katika jambo hili, kwa kile kilichoitwa kipande. (Sisemi kile kitambulisho ambacho wanaume wa Kenya walilazimishwa kukivaa shingoni tangu miaka ya 1919 na 1920. Nasema kadi ya kazi.) Kadi hiyo ilikuwa na vijumba 30. Kila siku mtu alipofika akamaliza kazi yake, nyapara alikitia alama kijumba kimoja. Vijumba vyote 30 vikiisha, mtu alipokea mshahara wa "mwezi" mmoja. Lakini alipewa muda zaidi ya mwezi kuvimaliza, na kwa kawaida huko Kenya muda huo ulikuwa siku 42.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Siku 42 ni majuma sita. Kazi 30 katika majuma sita ni kazi tano kwa juma. Yaani mkulima wa Kiafrika aliyedharauliwa kwamba hajui saa wala kalenda alikuwa katika juma la siku tano za kazi, na siku mbili za mapumziko alizozichagua mwenyewe, kabla viwanda vingi vya Ulaya havijalijua jambo hilo! Wala tusisahau upande wa pili wa shilingi: "mwezi" huo wa majuma sita ulilipwa mshahara wa mwezi mmoja tu, na mtu ambaye vijumba vyake havikujaa kwa wakati aliweza kuonekana mkosa. Kipande kilimpa mtu siku, kikamnyima fedha.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika waliongeza kazi ya ngwe. Mkataji alipewa hesabu ya matita ya kukata, kila tita majani 30, na akimaliza, yu huru. Aliye hodari aliingia shambani kukiwa bado na umande na akatoka kabla jua halijawa kali. Wenye mashamba walilalamika: tazama, huyu amemaliza saa tano ya asubuhi, kwa nini asikate ngwe mbili? Na kesho yake hayupo! Jibu ni kwamba mtu yule alikuwa na shamba lake la mahindi, na mvua haingoji kipande. Mwezi wa kupanda vijumba vilibaki vitupu. Mwezi wa njaa vilijaa haraka. Aliyetaka kujua habari ya mahudhurio ya mkonge angetazama mawingu kwanza, daftari baadaye.

Mombasa bandarini ilikuwa hivyo hivyo, ingawa huko hapakuwa na shamba karibu. Wapagazi wa meli wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Kazi ni ngumu, zamu ni ndefu meli ikiwa na haraka, lakini ujira wa siku moja ulizidi ule wa watu wa mwezi, na wengi hawakufanya siku zote za mwezi. Serikali ilichukizwa. Ilisema vibarua hawa ni wazururaji, na hasa baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947 ilizidi kuona kwamba mtu asiyefungwa kwa mwezi hawezi kuongozwa. Mwishowe waliandikwa majina, hesabu ya watu ikapunguzwa, na katika miaka ya 1950 wengi wakafanywa watu wa kudumu. Mahudhurio yakawa mazuri. Lakini tazama yalivyopatikana: mshahara uliongezwa, na mlango wa kuondoka ukafungwa. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, na si rahisi kusema ni lipi lililofanya kazi kubwa.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya Waafrika peke yao. Huko Uingereza na Ufaransa mafundi wa zamani walikuwa na mtakatifu asiyepatikana katika kalenda ya Kanisa: Mtakatifu Jumatatu. Walilipwa Jumamosi, Dominika wakanywa, Jumatatu hawakuonekana kazini. Halafu Alhamisi na Ijumaa walifanya kazi mpaka usiku ili kuijaza hesabu ya juma. Hizo nazo ni zamu ndefu na juma fupi, zilizopangwa na mfanyakazi mwenyewe. Wenye viwanda walipigana na mtakatifu huyo kwa faini na kwa mahubiri, na hawakumshinda kwa urahisi. Alishindwa polepole katika karne ya kumi na tisa, walipowapa watu alasiri ya Jumamosi kwa sharti la kufika Jumatatu. Waliinunua siku kwa nusu siku.

Wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 Waingereza walihitaji risasi na mizinga upesi, wakawafanyisha watu kazi saa nyingi mno, hata Dominika. Serikali ikaweka kamati ya kuchunguza afya yao mwaka 1915. Kamati iliona kwamba kazi ya Dominika haikuzaa faida iliyotumainiwa, maana watu walichoka, wakaugua, wakakosa siku nyingine. Na walipopunguziwa saa, mara nyingi kazi iliyotoka haikupungua, na pengine iliongezeka. Marekani nako, katika kiwanda cha magari cha Henry Ford mwaka 1913, kila siku kama mtu mmoja katika kumi hakufika, na kiwanda kilikuwa kikiajiri maelfu juu ya maelfu ili kuziba nafasi za walioondoka. Januari 1914 Ford alipunguza siku ya kazi kutoka saa tisa hadi nane, akapandisha ujira hadi dola tano. Watu wakafika. Mwaka 1926 akatoa juma la siku tano. Hakuwa mtu wa huruma, na watu wake walipelelezwa hata nyumbani kwao. Lakini hesabu aliijua.

Sasa turudi kwetu Katanga. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata tanuru la Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza. Mwaka 1910 huo huo ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, ile Bourse du Travail, ikaanza kutafuta watu vijijini, na nchi ya Waluba ikawa shamba lake. Reli ilipofika Bukama mwaka 1918, njia ya kutoka kwetu kwenda shabani ikawa wazi: meli ya mto hadi Bukama, kisha gari-moshi. Samaki wakavu wa Kisale walikwenda kwa njia hiyo hiyo, na wana wetu pamoja nao.

Katika miaka ile ya kwanza mikataba ilikuwa mifupi, ya miezi sita au mwaka. Watu wengi walikufa kwa magonjwa, wengi wakatoroka. Mkubwa wa kambi alipoamka asubuhi hakujua ana watu wangapi. Viboko, faini na gereza vilitumika, na havikuponya kitu. Basi kuanzia mwaka 1928 hivi Union Minière iligeuza mwendo: mikataba ya miaka mitatu, mke na watoto wakaribishwe kambini, nyumba bora, posho ya familia, hospitali, shule. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wenye mpango huo, na misioni zetu za Kikatoliki zilishika shule. Ni lazima tuseme yaliyo kweli: kengele ya misioni na king'ora cha kampuni zilimfundisha mtoto jambo moja, yaani kufika kwa saa. Wapo waliolisifu jambo hilo kuwa ni maendeleo, na wapo waliosema Kanisa lilikuwa mnyapara wa tatu baada ya serikali na kampuni. Mimi naona kuna haki kidogo pande zote mbili. Watoto walisoma na mama walizaa salama, hilo haliwezi kufutwa. Lakini aliyewafundisha watu utii wa king'ora alipaswa pia kuuliza king'ora kinalia mara ngapi.

Tanuru la shaba halizimwi jioni likawashwa asubuhi. Kwa hiyo watu wa tanuru waligawanywa zamu tatu za saa nane, mchana na usiku. Saa nane zilikuwa kipimo cha ulimwengu baada ya mkutano wa Washington wa 1919, uliotaka kazi za viwanda zisizidi saa nane kwa siku na 48 kwa juma. Watu wakaja kazini. Kambi zilizokuwa zikivuja kama kikapu sasa zilishika maji. Na hapa yatupasa kuangalia tena: je, walikuja kwa sababu zamu ilikuwa fupi? Sehemu, ndiyo. Lakini pia kwa sababu mke yupo pale, mtoto yu shuleni pale, chakula hutolewa pale. Zile gharama za siku, yaani njia, chakula, mtoto aliyeachwa, kampuni ilizibeba yenyewe. Mtu hakuhitaji tena siku nzima za kwenda nyumbani, maana nyumba ilihamishiwa kazini. Ilikuwa dawa kali. Ilipotokea shida ya dunia ya miaka ya 1930, maelfu waliachishwa kazi na kurudishwa vijijini, na wengine walikuwa wamekwisha kusahau kushika kasia.

Vita ya pili ilionyesha mpaka wa dawa hiyo. Bei zilipanda, mshahara ukabaki chini. Desemba 1941 watu wa Union Minière waligoma. Elisabethville askari walipiga risasi katika kiwanja cha mpira, makumi ya watu wakafa, pamoja nao Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao. Watu waliosifiwa kwa kufika kazini bila kukosa hawakufika hata mmoja mmoja. Na vijijini mwaka 1942 serikali iliongeza siku za kazi ya lazima kwa kila mtu mzima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Theluthi ya mwaka! Huko nako watu walikimbia. Wengine walikwenda mijini kuyakimbia mashamba ya lazima, na mkubwa wa mgodi akajisifu kwamba wafanyakazi wamezidi kupenda kazi.

Katika mambo haya yote Kanisa lilikuwa limekwisha kusema mapema. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Rerum Novarum ya 15 Mei 1891, alifundisha kwamba saa za kazi zisipimwe kwa kipimo kimoja kwa watu wote, bali kwa aina ya kazi, kwa mahali na majira, na kwa nguvu za mtu mwenyewe. Akawataja wazi wazi wachimbao mawe na madini chini ya ardhi: kwa kuwa kazi yao ni nzito na yadhuru afya, saa zao ziwe fupi zaidi kwa kadiri hiyo. Akaongeza habari ya Dominika, kwamba mapumziko si ukosefu wa kazi tu, ni haki ya Mungu juu ya roho ya mtu, wala mtu mwenyewe hana ruhusa ya kuiuza. Naona maneno hayo yasomwe tena huko Kolwezi.

Baada ya Union Minière kutwaliwa na serikali mwaka 1967 na kuwa Gécamines, desturi za kambi ziliendelea kwa muda. Kisha mambo yakaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990; fujo na mafarakano ya miaka iliyofuata yakafukuza mafundi wengi; mishahara ikachelewa miezi mingi. Hapo tuliona jambo la ajabu ambalo vitabu vya mahudhurio havielezi vema. Watu waliendelea kuhesabiwa kuwa wafanyakazi, na wengine waliendelea kufika, ili wasipoteze nyumba na haki zao; lakini nguvu zao zilikuwa katika mashamba ya nje ya mji na katika biashara ndogo za wake zao. Mwaka 2003 watu wapata elfu kumi waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Tangu hapo makampuni mengine yamekuja, na pamoja nayo zamu ya saa kumi na mbili.

Sheria ya kazi ya Kongo ya 16 Oktoba 2002, ilipotolewa, ilisema kazi isizidi saa tisa kwa siku wala saa 45 kwa juma, na kila juma mtu apate saa 24 za mapumziko zinazofuatana. Watu wengi hawajaiona hesabu iliyofichwa humo. Saa 45 zaweza kugawanywa siku sita, kila siku saa saba na nusu. Zaweza pia kugawanywa siku tano, kila siku saa tisa. Saa ni zile zile. Lakini katika njia ya pili mtu amepata siku nzima ya ziada kila juma, kwa kuongeza saa moja na nusu tu kila siku. Hii ndiyo ile hesabu ya kipande, na siku mbili za watu wa Unguja. Kwa mtu aishiye mbali na mgodi, aamkaye saa kumi ya usiku kungoja gari, ni faida kubwa, na mwenye kazi naye hupata mtu asiyehitaji kujisingizia ugonjwa ili amzike shangazi yake.

Lakini saa kumi na mbili ni jambo jingine. Saa kumi na mbili mara nne ni 48, nazo zimekwisha kuupita mpaka wa juma, sembuse ule wa siku. Na mwili una hesabu yake. Uchunguzi uliofanywa kati ya wauguzi wa hospitali huko Uingereza, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliofanya zamu nyingi za saa kumi na mbili au zaidi walikosa kazi kwa ugonjwa zaidi ya wenzao wa zamu fupi. Hao ni wauguzi, ndani ya nyumba, si watu wa nyundo na vumbi. Tena zamu ndefu ina mtego: mmoja akikosa, ameacha tundu la saa kumi na mbili, na mwenzake huitwa siku yake ya mapumziko alizibe. Huyo naye juma lijalo huanguka. Hivyo ukosefu wa mmoja huzaa ukosefu wa mwingine. Na kwa kuwa kuikosa siku moja ni kupoteza robo ya ujira wa juma, wengi huja na homa yao. Daftari husema yupo. Winchi na lori kubwa hazijui kama dereva yu macho.

Kwa hiyo mimi sioni kwamba wazee wa zamu ndefu wana haki yote, wala wapinzani wao. Mtu hufika kazini kwa uaminifu anapopewa siku nzima ambazo ni zake kweli, na hukosa mwili wake unaponyang'anywa zaidi ya unavyoweza. Siku tano za saa tisa zaweza kumpa la kwanza bila kumletea la pili. Siku nne za saa kumi na mbili humpa siku kwa mkono mmoja na kumnyang'anya usingizi kwa mkono wa pili. Na kama zile siku tatu zaitwa "saa za ziada" na kununuliwa tena, basi hakupata kitu.

Liko jambo moja zaidi ambalo wakubwa hulidharau, na ambalo sisi makatekista tunalijua kwa sababu hutuharibia orodha zetu. Mapumziko ya zamu hutembea. Juma hili ni Jumanne na Jumatano, juma lijalo ni Ijumaa. Baba yu nyumbani watoto wakiwa shuleni. Dominika ya Komunyo ya kwanza ya mwanawe, yeye yu shimoni. Wachumba wanaojiandaa kwa ndoa hatuwezi kuwapata wote wawili siku moja. Mfanyakazi wa namna hiyo siku moja huamua kukosa, si kwa uvivu, bali kwa kuwa siku aliyopewa si siku aliyoihitaji. Wenye kipande walikuwa na hiari hiyo: vijumba vilikuwa 30, lakini mtu mwenyewe alichagua siku za kuviacha vitupu.

Na kwa mtu wa Kinkondja iko bado ile njia. Kutoka Kolwezi mpaka hapa ni lori au gari-moshi hadi Bukama, halafu mashua au mtumbwi mtoni, na wakati wa mvua hakuna ajuaye atafika lini. Siku tatu za mapumziko haziwezi kumfikisha na kumrudisha. Kama zamu zingeandikwa mwezi mzima mbele na kubandikwa ukutani, na mtu akaruhusiwa kuunganisha mapumziko ya majuma mawili au matatu, angeweza kuja wakati wa kupanda au wa kuzika, akaonana na mama yake, akarudi siku iliyoandikwa. Sasa huja kwa siku tatu, hukaa nane, na huko mgodini jina lake limekwisha kupigwa mstari mwekundu.